Krisanthemamu zinadumaa kwa sababu ya giza, si vipandikizi

Malalamiko ni yale yale kutoka Newala hadi Lindi, kusini mwa Tanzania: aina mpya ya krisanthemamu ya kukata (ua linalouzwa pamoja na shina lake) imetoa vitumba shina likiwa na sentimita 25, na mnunuzi wa maua ya harusi anataka 70. Lawama anabebeshwa muuza vipandikizi. Jamani, mwacheni.

Krisanthemamu huhesabu urefu wa usiku. Kwa aina nyingi, mchana ukipungua chini ya saa 13 na nusu hivi, mmea huacha kuongeza majani mapya na kuanza kutoa vitumba. Huku kwetu kusini hata Desemba mchana haufiki saa 13. Aina mpya ina shina imara na ua kubwa, lakini usiku inauhesabu vilevile.

Kwa hiyo usiku ukatwe kwa taa. Washa saa 4 usiku, zima saa 8 usiku, kuanzia usiku wa siku ile ile uliyopanda. Anayesubiri mche ushike kwanza ndiye anayevuna maua ya sentimita 25. Tuta la upana wa mita 1.2 lifungiwe mstari mmoja wa balbu katikati, balbu moja kila mita 1.2, kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Balbu za kizamani ziwe za wati 60; ukinunua za LED, chukua zenye mwanga wa njano. Balbu moja iliyoning'inizwa pembeni ya shamba ni hasara tupu. Umeme ukikatika ukarudi saa 6, washa hadi saa 10. Usiseme nitafidia kesho.

Fanya hivyo wiki 3 hadi 4, mpaka shina lifike sentimita 35. Pima kwa rula, macho yanadanganya. Kisha zima kabisa; shina litaendelea kurefuka wakati vitumba vinaumbika. Na hapa wengi wanaharibu tena: taa ya mlinzi inabaki ikimulika, na matuta ya jirani nayo yanagoma kutoa vitumba. Ihamishe. Toka kuzima hadi kukata ni wiki 7 hadi 9 kulingana na aina, kwa hiyo muulize muuzaji idadi hiyo kabla hujalipa.

Joto kali la usiku nalo huchelewesha vitumba, ndiyo maana pwani ni pagumu. Walioko juu Newala wapande mwanzoni mwa Mei, vitumba viumbike Juni na Julai kukiwa na baridi.

Ukiona vitumba wiki ya tatu baada ya kuzima, uko sawa. Wakati wa kuvuna, kata sentimita 10 juu ya ardhi, kwani sehemu ya chini iliyokomaa kama mti hainyonyi maji vizuri kwenye ndoo.