Kabla Hujawapa Wanafunzi Mtihani wa Ufahamu wa Kiingereza

Jiulize kwanza matokeo utayafanyia nini. Ukitaka kujua nani asaidiwe na asaidiwe wapi, weka maswali mengi mepesi na ya wastani, maana wanafunzi unaowatafuta wako huko chini. Ukitaka kuchagua wachache wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano, ongeza magumu. Mtihani mmoja haufanyi kazi zote mbili vizuri. Andika lengo lako kwa sentensi moja juu ya rasimu, kisha futa kila swali lisiloitumikia sentensi hiyo.

Usilichukue umbo la KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya, kama lilivyo. Katika Karatasi ya 2 ya Kiingereza, ufahamu una alama 20 kati ya 80, lakini ndani ya hizo 20 mara nyingi mna swali la kuandika upya sentensi kwa maelekezo fulani. Hilo ni swali la sarufi. Swali la ufupisho nalo linapima kuandika kiasi kile kile linachopima kusoma. Katika mtihani wa taifa hakuna neno, yote hayo ni Kiingereza. Ila kama unataka kujua mtoto wa Kidato cha 3 au wa Gredi ya 10 anasoma na kuelewa kiasi gani, ukimkata alama kwa kusahau alama ya kuulizia umepima kitu kingine.

Kifungu kisitoke kwenye karatasi za miaka iliyopita wala kwenye vitabu vya marudio. Wanavyo, na majibu wanayo. Tafuta makala mapya, au andika mwenyewe. Maneno 400 hivi yanatosha Gredi ya 9; kwa vidato vya juu nenda 600 hadi 800.

Ugumu wa msamiati usiupime kwa macho yako wewe mwalimu. Kuna fomula za kukadiria urahisi wa matini, kama ile ya Rudolf Flesch ya 1948, lakini zinahesabu urefu wa sentensi na silabi tu. Hazijui neno gani mtoto wa Jomvu, Mombasa, amelisikia na lipi hajalisikia. Fanya hivi: wape wanafunzi watatu wa mkondo mwingine, mmoja hodari, mmoja wa wastani, mmoja dhaifu, wapige mstari chini ya kila neno wasilolijua. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua maneno takriban 98 kwa kila 100 ili aelewe hadithi bila msaada. Kwa kifungu cha maneno 500 hiyo ni mistari 10. Yule wa wastani akipiga mistari 30, ulichoandaa ni mtihani wa msamiati, na hata hodari ataishia kubahatisha.

Halafu mada yenyewe. Mwaka 1988 Recht na Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliokuwa wakiujua mchezo walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Lete jambo hilo Mombasa. Kifungu kuhusu foleni ya feri kitambeba mtoto wa Likoni. Kifungu kuhusu kuchuma majani chai kitamwacha hoi, ilhali mwenzake aliyehamia juzi kutoka Kericho atatamba. Hakuna mada isiyompendelea mtu, kwa hiyo weka vifungu viwili vifupi vya mada tofauti badala ya kimoja kirefu. Usiweke theluji.

Ukishaandika maswali, wape watu wayajibu bila kifungu. Ndiyo, bila kifungu. Kwa maswali 20 ya kuchagua yenye majibu manne, kubahatisha kutampa mtu 5 hivi. Wakipata 10 au 11 bila kusoma chochote, maswali yako yanajibika kwa akili ya kawaida, au jibu sahihi ndilo refu kuliko yote, au swali la sita limefichua jibu la swali la pili. Yabadilishe.

Sasa tuje kwenye shimo linalomeza mitihani mingi kuliko jingine lolote: kuokota sentensi.

Mambo huenda hivi. Mwalimu anatunga maswali kumi, mengi yakianza na why na what. Darasa linajibu. Anasahihisha, wastani ni 14 kati ya 20, anafurahi, anasonga mbele. Muhula wa pili mwalimu wa Jiografia analalamika kwamba darasa lile lile halielewi aya moja ya kitabu. Mwalimu wa Kiingereza anashangaa, alama si anazo? Alama anazo. Walichofanya wanafunzi ni kulitazama swali, kutafuta maneno yake kwenye kifungu, na kunakili sentensi iliyoyabeba pamoja na inayofuata kwa usalama. Mtoto huanza ujanja huu msingi, na akifika sekondari ameubobea.

Angalia ulivyo rahisi. Soma sentensi hii isiyo na maana yoyote: "The dorn was mibbled because the drusk had snarped." Swali: Why was the dorn mibbled? Jibu: Because the drusk had snarped. Alama mbili kamili, na hakuna aliyeelewa kitu, pamoja na mtunzi. Maswali mengi ya ufahamu yanayozunguka mashuleni hayana tofauti na hilo, ila yamevaa maneno halisi.

Dawa ni kuuliza lile ambalo kifungu kinalisema bila kulitamka. Tuseme kifungu kinahusu jahazi katika Bandari ya Kale: "The kusi had been blowing hard since dawn, and although the merchants shouted from the steps, the captain kept his sail furled." Ukiuliza upepo ulianza kuvuma lini, utaokotewa. Uliza badala yake: What did the merchants want the captain to do? Jibu ni kwamba walitaka atweke tanga aondoke, na hayo hayakuandikwa popote. Mtoto lazima aone kwamba although imeweka wafanyabiashara upande mmoja na nahodha upande wa pili, na kwamba tanga lililokunjwa ni jahazi lisiloondoka. Asiyeelewa ataandika "The merchants shouted from the steps." Hapo umemjua, na umejua pia tatizo lake ni viunganishi, ambavyo vinafundishika kwa wiki chache.

Si lazima maswali yote yawe hivyo. Ya kuokota yaweke matatu au manne kati ya kumi, yatakuonyesha nani hawezi hata kupata mahali. Manne mengine yadai kuunganisha sentensi mbili au zaidi. Moja liwe la neno ambalo maana yake inabainika ndani ya kifungu. Ukiuliza maana ya furled na hakuna kitu jirani cha kumsaidia, umepima kamusi ya kichwani. Yanayobaki yaulize mwandishi ana msimamo gani na umejuaje, na hiyo "umejuaje" ndiyo iwe na alama nyingi. Na swali la 5 lisitegemee jibu la 4, la sivyo unamwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja.

Kabla ya kupeleka fotokopi, badilisha nomino na vitenzi vya kifungu viwe maneno bandia kama dorn na drusk, kisha jaribu kuyajibu maswali yako. Yote yanayojibika bado ni ya kuokota. Zoezi hili halizidi dakika kumi na tano, na ni afadhali uudhike wewe leo.

Mwongozo wa kusahihisha uandikwe pamoja na maswali, usingoje karatasi zirudi. Kila swali liwe na majibu yanayokubalika, yasiyokubalika, na yale ya nusu. Amua mapema kuhusu tahajia: anayeandika "they wanted him to sale" ameelewa, mpe alama yake. Sema pia kama sentensi iliyookotwa nzima, ambayo jibu limo katikati yake, inapata alama. Mwongozo ukinyamaza, msahihishaji mmoja atatoa na mwingine atanyima. Chukua karatasi 10, wasahihishe walimu wawili bila kuonyeshana, mlinganishe. Mkipishana zaidi ya alama 2 katika 20, ubovu uko kwenye mwongozo.

Jambo ambalo shule nyingi hulikataa, kwa bahati mbaya, ni kuruhusu majibu ya Kiswahili. Katika upimaji wa kutafuta tatizo, ruhusu, walau kwa maswali mawili ya mwisho. Mtoto anaweza kuelewa Kiingereza alichosoma na akashindwa kukiandika. Ukimlazimisha, sifuri yake haitakuambia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Watakaoshika mkia, labda wanane au kumi katika darasa la hamsini, waite mmoja mmoja. Gough na Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la kuzidisha vitu viwili, kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, na kimoja kikiwa sifuri zao ni sifuri. Kwa hiyo msomeshe kwa sauti dakika moja, uhesabu maneno aliyosoma sawasawa, kisha msomee wewe aya nyingine umuulize kwa mdomo. Akielewa kwa sikio lakini kusoma anajikwaa, shida iko kwenye maandishi. Akisoma mserereko kama maji na haelewi hata akisomewa, shida ni Kiingereza. Tiba zake ni mbili tofauti kabisa. Na muulize kama ubaoni anaona vizuri. Wapo ambao dawa yao ni miwani tu.

Usiye na muda wa kutunga maswali, tumia mtihani wa mapengo alioubuni Wilson Taylor mwaka 1953. Acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la tano mpaka upate mapengo 50, bila kuchagua unayoyapenda. Yale mapengo 10 ya Karatasi ya 1 ya KCSE ni machache mno kwa kazi hii. Anayejaza chini ya 20 kwa neno lenyewe lililofutwa, matini hiyo imemshinda na asipewe asome peke yake.

Kama kuna mkondo wa pili, ujaribu mtihani huko kwanza. Katika wanafunzi 50, chukua 14 wa juu na 14 wa chini kwa alama za jumla, uangalie kila swali. Waliolipata juu wakiwa 12 na chini 4, swali ni zuri. Juu wakiwa 8 na chini 9, lina utata au mwongozo umekosea jibu, litoe.

Siku yenyewe. Kila mtu na karatasi yake, na nakala kadhaa za ziada. Wawili wakichangia moja, asomaye polepole hafiki ukurasa wa pili. Herufi zisipungue pointi 12, mistari ipewe namba kila baada ya mitano, na ukague nakala ya mwisho ya fotokopi, kwa sababu wino hufifia mwishoni na wanaokaa nyuma ndio hupewa hizo. Muda: pima unaotumia wewe, zidisha kwa tatu.

Fanya asubuhi. Januari hadi Machi, darasa la bati saa nane mchana lisilo na feni, au lenye feni na stima imepotea, linapima uvumilivu wa joto. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia muhula wa kwanza, basi kipindi cha kwanza au cha pili, si baada ya hapo. Ijumaa iache, watu wanatazama saa. Wanaovuka feri wakichelewa, wape muda kamili tangu walipoketi. Dirisha la barabarani lenye honi za tuktuk lifungwe kama hewa inaruhusu. Haikuruhusu, hamisha darasa.

Matokeo usiyabandike ukutani kwa majina. Usimhamishe mtoto mkondo kwa mtihani mmoja, wala usimwite mzazi kwa alama ya siku ambayo mtoto alikuwa na homa. Karatasi zikusanye zote, na zile za ziada, uhesabu kabla mtu hajatoka nje. Moja ikipotea, kesho iko kwenye simu za mkondo wa pili. Na bunda la karatasi usiliache chumba cha walimu mlango wazi wakati wa chai.