Karavani ya zamani kwa likizo ya familia: kagua maji kabla ya rangi

Ukipata karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) ya miaka ya 1970, usivutwe na rangi wala mapazia. Nyingi za umri huo zina fremu ya mbao iliyovikwa bati jembamba la alumini, na kinachoziua ni maji yanayopenya kwenye maungio, kando ya madirisha na kwenye tundu la hewa la paani. Mbao huoza huku bati la nje likiendelea kung'aa.

Ingia, funga mlango, nusa. Uvundo ni dalili tosha. Kisha bonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa chini ya madirisha na ndani ya makabati ya juu. Plaiwudi nzima hukaza. Iliyooza hubonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Sehemu moja ya ukubwa wa kiganja inatengenezeka. Kona mbili zikiwa laini na sakafu ya mlangoni inadunda, achana nayo hata ukipewa bure.

Kuziba upya, kwangua gundi yote ya zamani kwa kipande cha plastiki, futa kwa spiriti, bandika utepe wa butili (mpira laini unaonata), halafu rudisha reli, yaani vipande vyembamba vinavyofunika maungio, kwa skrubu zisizoshika kutu. Hapa Mtwara na Lindi upepo wa bahari hula skrubu za kawaida haraka, na penye skrubu iliyolika ndipo maji yanapoingilia. Silikoni ya nyumbani usiiguse: ikiachia, butili haishiki tena pale ilipopita.

Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, iliyo ubavuni mwa tairi, husema umri wake: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikizidi miaka 7 badilisha, hata kama zina meno. Piga jeki, zungusha gurudumu. Likisaga au likicheza, fungua beringi uoshe, ukague, utie grisi mpya. Iliyochimbika haiponi kwa grisi.

Kwa anayeanza, karavani na mizigo isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari: gari la kilo 1,400 livute kilo 1,190. Vitu vizito viwe chini, juu ya ekseli. Mdomo wa kuvutia, yaani sehemu ya mbele inayoungwa kwenye gari, ubebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, bila kuvuka kiwango cha gari. Upime kwa mzani wa kawaida na kipande cha mbao. Mdomo ukiwa mwepesi, mkia huyumba. Ukianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki ghafla.

Mpira wa gesi ya kupikia ununue mpya na ujaribu maungio kwa povu la sabuni. Matundu ya sakafuni yasizibwe kwa kuogopa wadudu: gesi ni nzito kuliko hewa, nayo ikivuja hutoka nje kupitia hapo. Weka wavu wa waya tu.

Ufukweni Msimbati, Mtwara, mchanga ni mwingi, kwa hiyo karavani ibaki kwenye ardhi ngumu. Likizo ya Juni ni msimu wa kusi: elekeza mdomo kwenye upepo, mlango uwe upande uliokingwa. Usiegeshe chini ya mnazi. Miguu ya kona iwekewe vipande vya mbao. Kazi yake ni kutuliza, haikuundwa kunyanyua.

Mkirudi, osha chasisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, simamisha magodoro, acha makabati wazi siku nzima.