Pima unene wa rangi kabla ya kuisugua

Ukinunua gari la spoti lililotumika na kukuta bodi imejaa mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana juani, usiwashe mashine ya kupolishi kabla ya kupima unene wa rangi katika kila sehemu ya bodi. Rangi ya kiwandani, pamoja na tabaka zake zote, mara nyingi huwa na unene wa maikromita 100 hadi 150, na vanishi ya juu, ambayo ndiyo pekee unayoruhusiwa kuipunguza, huchukua takribani 40 hadi 50 tu kati ya hizo. Kipimo kikubwa mno huashiria kwamba sehemu hiyo ilipakwa rangi upya au imejazwa puti, ilhali kidogo mno huashiria kwamba mwenye gari wa awali aliisugua sana. Kumbuka kwamba kifaa cha kupimia kinachotumia sumaku hakisomi rangi iliyo juu ya alumini, na vifaa vingi vya kawaida havisomi iliyo juu ya plastiki wala nyuzi za kaboni, vitu ambavyo magari haya huwa navyo kwa wingi.

Osha gari, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi kuondoa chembe zilizoganda, kisha jaribu kupolishi sehemu ndogo ukianza na sponji laini na dawa ya kupolishi isiyo kali. Ziba kingo na mikunjo ya bodi kwa utepe wa karatasi, kwa sababu hapo vanishi ni nyembamba na hutoboka upesi. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache ulivyo: kuufuta kabisa kunaweza kumaliza vanishi, na vanishi iliyokwisha hairudi bila kupaka rangi upya.