PhD ya mipango miji: swali lianzie mtaani kwako

Mdogo wangu unayetaka shahada ya uzamivu ya mipango miji pale Chuo Kikuu Ardhi, kabla ya fomu nionyeshe kwanza swali lako liko mtaa gani.

Mimi nilianzia stashahada, Chuo cha Ardhi Tabora, nikapanda ngazi hadi uzamili. Pendekezo langu la kwanza lilihusu "ukuaji wa miji Tanzania". Msimamizi alisoma kurasa mbili akauliza, "Mji gani huo?" Nikarudi Kigoma.

Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilikuwa limefurika. Kibirizi, mama mmoja muuza dagaa alinionyesha ukutani mistari mitatu ya mkaa. Kila maji yalipopanda alichora mmoja, na mwezi wake pembeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Akaniuliza: "Mita 60 kutoka ziwa la lini, mwanangu? La mwaka huu au la nilipoolewa?" Swali langu la PhD nililipata pale, mlangoni kwake. Na wewe lako liandike kwa sentensi moja ambayo mtu wa pale ataielewa.

Kisha tafuta msimamizi. Soma kazi zake kabla ya kumwandikia, umtumie kurasa mbili tu.

Vibali usividharau. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapoteza wiki mbili. Barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, halafu mtaa. Toa kopi nyingi, kila ofisi ibakiwe na yake.

Picha za satelaiti za Landsat ni za bure, zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970, na QGIS, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, nayo hulipii. Fedha zako zitunze kwa bodaboda, madodoso na msaidizi anayejua Kiha; wazee wengi hufunguka zaidi kwa lugha yao. Nenda Aprili kwenye mvua, rudi Agosti pakiwa pakavu, maana mfereji wa Agosti unakudanganya.

Ukishachora, chapa ramani uwapelekee wenyewe. Yule mama aliweka kidole kwenye yangu: "Hapa maji hayapiti, yanapita nyuma ya msikiti." Tulikwenda kuangalia. Yalikuwa yanapita nyuma ya msikiti.