Sudo si chumvi ya kutia kila mahali

Kijana aliyekuja kwangu mwaka jana kufanya mafunzo kwa vitendo alikuwa na ugonjwa mmoja: kila amri aliyoandika kwenye kompyuta aliianza na sudo, neno la kuomba mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Kuangalia tarehe, sudo. Kutengeneza folda ya kazi zake mwenyewe, sudo. Nikamuuliza kulikoni. "Dada, bila hiyo inakataa." Tukavuta viti. Ninayoandika hapa ni yale niliyomweleza jioni ile, kwenye maabara ya sekondari moja hapa Morogoro ninayoitunza, yenye kompyuta 22, zote zikiendeshwa na Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux.

Kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja asiyezuiwa na ruhusa za faili. Anaitwa root, na namba yake ni 0. Sisi wengine tuna folda zetu za nyumbani na sehemu chache za kuchezea. Tukigusa mfumo wenyewe tunaambiwa Permission denied, yaani huna ruhusa. Ubuntu, tangu toleo lake la kwanza mwaka 2004, haimpi root neno la siri, kwa hiyo huwezi kuingia kwa jina lake. Unachofanya ni kuazima mamlaka yake kwa amri moja, kisha unarudi kuwa wewe. Kazi hiyo ya kuazimisha ndiyo ya sudo, programu iliyoanza kuandikwa karibu mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika chuo kikuu cha SUNY Buffalo, Marekani.

Kwanza jua kama unaruhusiwa kuazima. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, andika:

groups

Kwenye Ubuntu tafuta neno sudo katika majina ya makundi yako yatakayotokea. Kwenye Fedora, Linux ya aina nyingine, ni wheel. Kama halipo, sudo itakukatalia, na baadhi ya matoleo yatakuambia kwamba tukio hilo litaripotiwa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliuliza kwa sauti ya chini kama linaripotiwa kwa mkuu wa shule au kwa wazazi. Linaandikwa tu kwenye kumbukumbu za mashine, na anayezisoma ni mimi:

sudo grep sudo /var/log/auth.log

Sasa jaribu jambo la kawaida, kusasisha orodha ya programu:

sudo apt update

Utaombwa neno la siri. Ni lako wewe, si la root. Kwenye mashine nyingi hutaona hata nukta moja ikitokea unapoandika, na hapo ndipo wengi hugeuza kibodi chini juu na kuigongagonga wakidhani imekufa. Andika tu, bonyeza Enter. Ukikosea mara tatu inakutoa. Ukipatia, Ubuntu haikuulizi tena kwa dakika 15 katika terminali ile ile. Nyumbani hiyo ni raha. Maabara yenye wanafunzi 40 ni hatari, kwa hiyo kabla sijainuka kwenda kufungua mlango naandika sudo -k, na ule muda unafutika papo hapo.

Ukisahau kuanza na sudo, usiandike amri nzima upya. Andika sudo !! na Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, itairudia amri iliyopita ikiwa na sudo mbele.

Kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Nilitaka kuongeza jina la seva yetu kwenye faili ya hosts, inayooanisha majina ya mashine na anwani zake:

sudo echo "192.168.1.10 seva" >> /etc/hosts

Permission denied. Sudo ipo, neno la siri limekubaliwa, sasa inakataa nini? Ile alama ya >>, inayoongeza mstari mwishoni mwa faili, haiko chini ya sudo. Bash ndiyo inayofungua faili, tena kabla sudo haijaanza kazi, na Bash inaendeshwa na wewe usiye na mamlaka. Ni kama kumpa mwenye ufunguo kazi ya kupepeta mchele, halafu mlango wa stoo ukaenda kuusukuma wewe. Mpe mwenye ufunguo kazi ya mlango:

echo "192.168.1.10 seva" | sudo tee -a /etc/hosts

Hapa tee, ikiwa na mamlaka ya root, ndiyo inayoandika kwenye faili inachopokea kutoka echo. Hiyo -a iangalie mara mbili. Bila hiyo tee inafuta yote yaliyokuwemo na kuacha mstari wako peke yake. Nikiwa na mistari mingi ya kubadilisha natumia sudoedit /etc/hosts: inanakili faili pembeni, inakufungulia nakala hiyo kwa mamlaka yako ya kawaida, na ukihifadhi inairudisha mahali pake.

Vilevile sudo cd haifanyi kazi, maana cd si programu, ni jambo la ndani ya Bash. Kama kweli una kazi ndefu kwenye folda za root, andika sudo -i. Alama ya mwisho ya mstari itageuka kutoka $ kuwa #. Ukiona # weka kikombe cha chai mbali na kibodi, maliza kazi, andika exit.

Kumwongeza mtu kwenye kundi la sudo:

sudo usermod -aG sudo asha

Atoke aingie upya ndipo ianze kufanya kazi. Ukiacha a kwenye -aG, unamwingiza sudo na kumfuta kwenye makundi yake mengine yote ya ziada.

Lakini si kila mtu anahitaji ufunguo wa nyumba nzima. Mwalimu wa taaluma alikuwa ananipigia simu kila printa ikigoma katika msimu wa mitihani, na dawa ilikuwa ile ile, kuwasha upya CUPS, huduma inayoendesha printa. Nikampa hiyo tu:

sudo visudo -f /etc/sudoers.d/printa

na ndani yake mstari mmoja:

mwalimu ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart cups

Faili hizi usizifungue kwa njia nyingine yoyote zaidi ya visudo. Inakagua ulichoandika kabla ya kukihifadhi. Ikiona kosa inauliza ufanye nini, nawe unabonyeza e kurudi kurekebisha. Ukikosea koma kwa kihariri cha kawaida unaweza kujikuta sudo yenyewe imekataa kufanya kazi, na sudo ndiyo uliyokuwa unaitegemea kurekebisha. Jina la faili nalo lisiwe na nukta. Mara ya kwanza niliiita printa.conf, nikapoteza mchana mzima nikishangaa kwa nini mwalimu bado anakataliwa. Faili zenye nukta kwenye folda ile hazisomwi. Na usimpe mtu ruhusa ya kuendesha vim au less kwa sudo ukadhani umempa kitu kidogo: ndani ya programu hizo anaweza kuita Bash, na Bash hiyo itakuwa ya root.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa nimenakili faili za mashine iliyokufa kwenye diski, na ndani yake kulikuwa na folda iitwayo usr. Zilinigomea kufunguka. Kwa haraka na hasira nikaandika sudo chmod -R 777 /usr, yaani kila mtu aruhusiwe kusoma, kuandika na kuendesha kila kilichomo. Nilitaka usr ya pale nilipokuwa; ule mkwaju (/) wa mbele ukanipeleka kwenye /usr ya mfumo wenyewe. Haikuuliza kitu. Amri iliyofuata ikajibu:

sudo: /usr/bin/sudo must be owned by uid 0 and have the setuid bit set

Kwenye mashine isiyoharibika, ukiandika ls -l /usr/bin/sudo utaona -rwsr-xr-x. Ile s ndiyo sudo yote. Inauambia mfumo kwamba yeyote atakayeiendesha programu hii, iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili, yaani root. Chmod yangu ya 777 iliifuta. Nikazima, nikawasha nimeshikilia Shift (mashine mpya zaidi, za UEFI, hubonyezwa Esc), nikachagua recovery mode, hali ya kuokoa mfumo inayokupa root bila neno la siri, nikaingia root, kisha nikafungua diski iandikike na kuirudisha ile s:

mount -o remount,rw /
chmod 4755 /usr/bin/sudo

Ikagoma tena, safari hii ikilalamika kwamba sudoers.so, faili yake nyingine, inaweza kuandikwa na kila mtu. Hapo nikaelewa ukubwa wa nilichofanya: su na passwd nazo zimepoteza s zao, na kila programu kwenye mashine ile mwanafunzi yeyote angeweza kuibadilisha. Nikaokoa kazi za wanafunzi kwenye flashi, nikaweka Ubuntu upya. Saa tano usiku nilikuwa bado pale.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimwambia aandike ls -l kwenye folda yake ya nyumbani bila sudo. Karibu kila mstari uliandikwa root root, yaani mwenye faili ni root na kundi ni root. Alianza siku moja kwa kutengeneza folda kwa sudo. Folda ikawa ya root. Kesho yake kuhifadhi ndani yake kukakataliwa. Akaongeza sudo, na faili mpya nayo ikawa ya root. Amekuwa akijifungia nje ya nyumba yake mwenyewe wiki tatu, kila siku chumba kimoja. Dawa ilikuwa kumrudishia umiliki:

sudo chown -R kijana:kijana /home/kijana

Nilimfanya aisome kwa sauti, herufi kwa herufi, mkwaju kwa mkwaju, ndipo akabonyeza Enter.