Mwendo wa mzee unapimwa kwa tepu na saa ya simu

Mzee akianza kuburuta miguu, watu husema ni umri, mambo yanaishia hapo. Lakini mwendo unapimika, na ukishapungua lipo la kufanya.

Tafuta sakafu iliyonyooka, isiyo na mkeka wala zulia, upime mita 6. Bandika alama mwanzoni, kwenye mita 1, kwenye mita 5 na mwishoni. Mzee aanzie alama ya kwanza hadi ya mwisho. Wewe washa saa mguu wake unapovuka mita 1, uizime unapovuka mita 5. Mita ya mwanzo ni ya kuchanganya mwendo, ya mwisho humzuia asianze kusimama kabla ya mstari. Avae viatu vyake vya kila siku, na kama hutumia mkongojo aushike.

Mwambie, "Tembea kama siku zote." Ukisema "jitahidi kidogo" umeshaharibu kipimo. Usitangulie, maana atafuata kasi yako. Kaa nyuma yake kidogo, upande ulio dhaifu. Msipige soga. Pima mara 2, uchukue muda ulio mfupi. Mita 4 zikimchukua zaidi ya sekunde 5, yuko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, na hiyo ni sababu ya kutosha kumpeleka akachunguzwe.

Kipimo cha pili ni kiti. Kiwe kigumu, chenye kimo cha sentimita 45 hivi, kimeegemezwa ukutani. Akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Zaidi ya sekunde 15, nguvu za mapaja zimepungua. Akishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, usimlazimishe. Hilo lenyewe ni jibu.

Zoezi ni kiti hicho hicho. Weka mto mgumu juu yake ili kimo kipande. Asogee mbele ya kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wengi hurudi chini kwa kishindo kwa sababu nyayo ziko mbele mno. Kukaa ndiko kunakojenga: ashuke taratibu, ukihesabu 1, 2, 3. Mara 8, apumzike, arudie. Siku 3 kwa wiki, zisizofuatana. Mara 8 zikiwa rahisi, ondoa mto. Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kiasi cha kushindwa kuongea, ni kuacha mara moja.

Akiona kizunguzungu anapoinuka, mazoezi yasubiri. Alale dakika 5, mpime presha, asimame, umpime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mwone daktari na dawa zake zote mkononi, za usingizi na za kukojoa zikiwemo. Dawa moja ikipunguzwa, huenda akaacha kuyumba.

Mpime uzito pia kila mwezi. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwaka bila kukusudia, anaweza kuwa anapoteza misuli.

Yote haya ni ya mwendo unaopungua kidogo kidogo. Aliyetembea vizuri juzi na leo hawezi, usimpime wala kumpa zoezi: mpeleke hospitali leo hii.