Somo: Umelipata wapi? Kutaja chanzo unapoandika mambo ya bustani

Wanabustani wenzangu wa Tabora, leo jembe lipumzike, tushike kalamu.

Mwaka jana niliandika kwenye daftari: "Mboga zinazopenda jua zikae upande wa kusini wa ukuta." Nilikolitoa sikuandika. Juni, miche yangu ya pilipili hoho nyuma ya nyumba, upande wa kusini, ikarefuka na kulegea. Kivuli asubuhi hadi jioni. Nilipotafuta tena, nikakuta maneno yale ni ya kitabu cha bustani cha Uingereza. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, na Juni jua letu hupita kaskazini. Kitabu kilisema kweli, ila kweli ya kwao, na mimi niliiacha nyuma nchi iliyoandikiwa.

Hatua ya 1. Andika chanzo kabla hujafunua ukurasa mwingine: mwandishi, jina la kitabu au kijarida, mwaka, ukurasa. Usijiambie utakumbuka.

Hatua ya 2. Andika mahali. Hii ndiyo naisisitiza kuliko zote. Mtu wa Tanga akisema "panda masika yakianza", anasema Machi. Kwetu mvua zimeanza Novemba, na Machi zinaelekea ukingoni. Ukinukuu ushauri wake bila kutaja Tanga, umempoteza jirani yako wa Ipuli hapa Tabora.

Hatua ya 3. Mwaka. Kanitangaze, yule mdudu wa nyanya mwenye asili ya Amerika Kusini, aliripotiwa nchini 2014. Mwongozo wa hapa nchini wa 2009 hauwezi kukufundisha kupambana naye, hata ukiwa mzuri namna gani.

Hatua ya 4. Tenganisha ya kwako na ya mwenzako. Ya mwenzako: "kwa mujibu wa fulani". Ya kwako: "nimeona shambani kwangu". Ukinakili neno kwa neno, weka alama za kunukuu. Na vipimo vya dawa, tafadhali sana: "mwarobaini kilo moja" ni majani mabichi, makavu, au mbegu zilizotwangwa? Nguvu zake hazilingani. Kipimo kisicho na chanzo mimi sikisambazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mengi nimefundishwa na bibi, hajaandika popote. Nimtaje vipi?

Marahaba mwanangu. Mtaje kwa heshima zote: "Bibi yangu, mkulima wa Sikonge, kwa mdomo, Agosti 2023." Muombe ruhusa kwanza. Bibi ni chanzo, na kumficha ni kumnyang'anya kazi yake.

Kaka, nimekuta maelezo ya kutumia jivu bustanini sehemu tano, yote yanafanana hadi koma. Si ushahidi mkubwa huo?

Hapana, dada. Wanne wamemnakili mmoja. Tafuta yule wa kwanza, umtaje huyo. Usipompata, taja ulikosoma wewe na useme wa kwanza hujampata.

Mwalimu, nikijaribu mwenyewe kwenye tuta langu?

Basi chanzo ni wewe, na wewe pia udaiwe maelezo: mbegu gani kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, miche mingapi, tarehe, ulimwagilia mara ngapi, na tuta lipi uliliacha bila dawa ili kulinganisha. Wiki ijayo njoo na daftari lako, tulipitie pamoja.